Wembe kwanza, mashine baadaye

Watu wakija kwangu kupimwa umeme wa misuli, macho yao hutafuta sindano. Sina. Nina elektrodi tatu, vibandiko vya kunasa umeme huo juu ya ngozi, zenye jeli katikati, na wembe. Wembe ndio huwashangaza.

Umeme wa msuli ukifika juu ya ngozi ni milivolti chache tu, na nywele, mafuta na ngozi iliyokufa huuzuia. Kwa hiyo nanyoa, nasugua kwa pamba yenye spiriti mpaka ngozi iwe nyekundu kidogo, kisha nangoja ikauke. Usiruke hapo pa kungoja. Siku moja niliharakisha, elektrodi ikaanza kuteleza mtu akiwa katikati ya zoezi, nikapata mawimbi makubwa ajabu. Niliyafurahia nusu saa nzima, kumbe si ya msuli.

Tuchukue msuli unaotuna ukikunja kiwiko. Mwambie akunje huku ukimzuia, upapase mpaka uupate mnofu wenyewe. Pima kutoka kikunjo cha kiwiko kwenda ncha ya bega: theluthi ya kwanza ya safari hiyo inapoishia ndipo pa kubandika. Elektrodi mbili zifuate mwelekeo wa nyuzi za msuli, kati yao milimita 20, katikati hadi katikati. Ukisogea pembeni utamsikiliza jirani ukidhani ni mwenyewe. Ya tatu, ya rejea, yaani ya kulinganishia zile mbili, ikae juu ya mfupa. Kifundo cha mkono kinafaa. Waya zishike kwa plasta zisining'inie.

Sasa mwambie alegee kabisa. Mstari kwenye skrini uwe karibu kunyooka. Ukiona mawimbi yaliyopangana kama meno ya kitana, mara 50 au 60 kwa sekunde, huo ni umeme wa ukutani. Wengi hukimbilia kuuchuja kwa programu. Mimi hubonyeza kwanza ile ya rejea, na mara nyingi ndiyo imelegea.

Rekodi angalau vipimo 1000 kwa sekunde, ondoa mawimbi yaliyo chini ya mara 20 kwa sekunde: huko ndiko mtikisiko wa waya hujificha.

Kisha akaze kwa nguvu zake zote, sekunde kama tano, mara tatu, apumzike kati yake. Kilele cha mawimbi hapo ndicho asilimia 100 yake, na mengine yake yote yalinganishe nacho. Milivolti za mtu na mwenzake hazilinganishwi hivihivi, kwani mafuta chini ya ngozi hupunguza umeme kwa mmoja kuliko kwa mwingine. Na msuli uliofunikwa na mwingine haufikiwi hivi. Huo namwachia daktari na sindano yake.