Namna ya kutembelea makumbusho ukatoka na kitu kichwani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapeleka wanafunzi na marafiki kwenye makumbusho ya sanaa na ya historia, ya nyumbani na ya ng'ambo. Wengi huingia mbio, hupiga picha mia mbili, na wakishatoka hawakumbuki hata kitu kimoja. Siwalaumu, kwani hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna ya kutazama. Mimi hufuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Hakikisha siku na tiketi

Makumbusho mengi hufunga siku moja kwa wiki, na siku hizo hazifanani. Mjini Paris, Louvre hufungwa Jumanne, na Orsay, iliyo ng'ambo ya mto tu, hufungwa Jumatatu. Mwenye siku mbili mjini akizichanganya, amekosa zote mbili. Tiketi nazo zina mambo yake: Makumbusho ya Van Gogh kule Amsterdam huziuza mtandaoni tu, kila moja na saa yake ya kuingia. British Museum ya London haina kiingilio, ila maonyesho ya muda hulipiwa. Popote uendako, fika mlango unapofunguliwa.

Hatua ya 2: Chagua vitu vitano

Louvre huonyesha takriban kazi 35,000. Ukiipa kila moja dakika moja, utahitaji siku zaidi ya 24, usiku na mchana, bila kulala. Kwa hiyo usijaribu. Fungua orodha ya makumbusho mtandaoni, chagua vitu vitano, na uhakikishe vimo ukumbini siku hiyo, maana vingine huazimwa au huwa vinafanyiwa ukarabati. Kimoja kati ya hivyo vitano kiwe kisicho maarufu. Mara nyingi ndicho utakachokumbuka, kwa sababu hakuna umati unaokusukuma.

Hatua ya 3: Punguza mzigo

Mkoba mkubwa uache mapokezi. Vaa viatu ulivyokwisha vizoea. Beba daftari na penseli; kalamu ya wino mara nyingi hairuhusiwi karibu na kazi za sanaa.

Hatua ya 4: Tazama kabla ya kusoma

Hapa usiharakishe. Ukifika mbele ya kazi uliyoichagua, usisome kibao cha maelezo. Kaa nayo dakika tano nzima. Anza mbali, sogea karibu, kisha rudi nyuma. Jiulize: mwanga unatokea wapi? Nani anamtazama nani? Ikiwa ni chombo cha kazi, tafuta mahali palipolainika, kwa sababu hapo ndipo mikono ya watu ilipokishika miaka na miaka.

Tazama kingo pia. Mchoro wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, wa mwaka 1642 unaoitwa Ulinzi wa Usiku, unaoonyesha kikosi cha walinzi wa mji na ulioko Rijksmuseum mjini Amsterdam, ulikatwa mwaka 1715 ili uenee ukutani katika jengo la baraza la mji. Kipande kikubwa zaidi kilitoka upande wa kushoto. Ndiyo maana leo kapteni na luteni wake wanaonekana kama wamesimama katikati. Awali walikuwa upande wa kulia, na kikosi kizima kilionekana kikisonga mbele kuelekea nafasi iliyo wazi. Na wala si usiku: jina hilo lilikuja baadaye, rangi ilipokwisha kufifia chini ya vanishi iliyoingia giza.

Hatua ya 5: Sasa soma kibao hadi mstari wa mwisho

Watu husoma jina na mwaka, wakaondoka. Mimi huwaambia waanze chini. Huko ndiko huandikwa kitu kilikotoka, kama kilinunuliwa au kilitolewa zawadi, pamoja na nambari ya usajili. Katika makumbusho mengi nambari hiyo hubeba mwaka kitu kilipopokelewa. Mabamba mengi ya shaba ya Benin yaliyoko British Museum yana 1898 ndani ya nambari zao, mwaka mmoja tu baada ya jeshi la Uingereza kuuvamia Mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, mwaka 1897 na kubeba hazina za jumba la mfalme. Tarakimu nne hizo zinakueleza safari ambayo kichwa cha habari kikubwa ukutani huenda hakiigusi.

Wakati mwingine kitu chenyewe hukiri. Jiwe la Rosetta, bamba la Misri ya kale lenye maandishi ya aina tatu lililoko British Museum, limezungukwa na watu wanaotazama maandishi ya mbele. Zunguka ubavuni. Utaona maneno ya Kiingereza yaliyofifia, yasemayo kwamba lilitekwa Misri na jeshi la Uingereza mwaka 1801, na upande wa pili kwamba ni zawadi ya Mfalme George wa Tatu. Nakuomba sana, usipite hapo bila kuyasoma.

Hatua ya 6: Uliza walinzi na wasimamizi

Hao hukaa na vitu hivyo kila siku. Swali zuri la kuanzia: hiki ni chenyewe au nakala? Kule Addis Ababa, mifupa ya Lucy, kiumbe wa jamii ya mababu wa binadamu aliyegunduliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, huonyeshwa kwa nakala, na ile halisi huhifadhiwa ndani. Nakala si udanganyifu. Ni namna ya kukilinda kitu cha miaka milioni 3.2.

Uliza pia kuhusu picha. Makumbusho ya Prado kule Madrid hairuhusu kupiga picha ukumbini. Kwingine huruhusiwa bila mmweko. Vyumba vya nguo na michoro ya karatasi huwekwa nusu giza kwa makusudi, kwani rangi iliyochujuka kwa mwanga hairudi. Subiri dakika chache macho yazoee.

Hatua ya 7: Andika kabla hujalala

Kwa kila kitu kati ya vile vitano, andika ulichokiona na swali moja lililobaki, pamoja na nambari ya usajili. Kesho yake iandike nambari hiyo kwenye orodha ya makumbusho mtandaoni: mara nyingi utakuta picha za upande wa nyuma, majina ya waliokimiliki, na vitu vingine vilivyofika siku hiyohiyo.