Somo: Kuhama kutoka shampuu ya chupa kwenda shampuu ya kipande

Chukua chupa ya shampuu iliyopo bafuni kwako, usome nyuma. Kiungo cha kwanza kimeandikwa "aqua", yaani maji, na kwa kawaida maji hayo hufika kama asilimia 80 ya kilichomo. Lori limeyabeba kutoka Dar es Salaam, likapita Kibiti, Somanga na Nangurukuru, zaidi ya kilomita 500 mpaka Mtwara, kutuletea kitu ambacho kimo kisimani. Shampuu ya kipande ni ile dawa ya kuoshea peke yake. Maji unatia mwenyewe kichwani. Haidai chupa, karatasi inaitosha.

Kwenye nchi za baridi, mzigo mkubwa wa kuosha nywele kwa mazingira ni nishati ya kuchemshia maji, chupa inafuata nyuma. Sisi wengi tunaoga maji ya ndoo yasiyopashwa moto, kwa hiyo kwetu hesabu inageuka: zinabaki chupa na safari yake. Na chupa inaishia wapi? Ya maji ya kunywa huenda ikapata mwokotaji. Ya shampuu yenye pampu, ambayo ndani ina springi ya chuma, nani anaihangaikia? Inachomwa shimoni tukavuta moshi, au inakaa korongoni mpaka mvua ziisukume baharini. Plastiki ya chupa nyingi za shampuu huelea; jua na mawimbi huivunjavunja ikawa chembe ndogo mno, lakini haiozi. Upande wa Msimbati kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye matumbawe, mikoko na kasa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Chupa ziko palepale.

Hatua ya 1: Maliza ya chupa kwanza
Kumwaga nusu chupa kwa jina la mazingira ni kichekesho. Imalize, ioshe, itie sabuni ya maji ya kunawia.

Hatua ya 2: Jua unachonunua
Hapa ndipo wengi wanapopotea, halafu wanailaumu shampuu ya kipande. Si kila kipande chenye picha ya nywele ni shampuu. Kingine ni sabuni tu, iliyopikwa kwa mafuta na kostiki kama sabuni ya mche, ila imetiwa manukato. Sabuni ya namna hiyo ina ukali wa magadi, pH yake (kipimo cha asidi na magadi) ni kama 9 au 10, wakati nywele na ngozi ya kichwa zinapenda kati ya 5 na 6. Tena visima vyetu vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa. Sabuni ikikutana na chokaa haitoi povu vizuri, inaacha utando mweupe unaonata, nywele zinakuwa kama zimepakwa nta.

Soma lebo. Ukiona "sodium cocoyl isethionate" mwanzoni, hiyo ni shampuu. Kiungo hicho hutokana na mafuta ya nazi na hakigombani na chokaa. Ukiona "sodium palmate", "sodium cocoate" au "sodium tallowate", hiyo ni sabuni. Isiyo na lebo iache dukani. Na ikiwa imefungwa karatasi, kisha nailoni, kisha kiboksi chenye dirisha la plastiki, umerudi ulikotoka.

Hatua ya 3: Kuosha
Lowesha nywele mpaka maji yafike kwenye ngozi. Sugua kipande viganjani, si kichwani, upake povu kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole. Povu likishuka wakati wa kusuuza linatosha kwa nywele zenyewe. Kwa nywele za kipilipili kukisugua kipande moja kwa moja ni kutafuta mafundo.

Hatua ya 4: Kukausha
Kwa joto na unyevu wa huku, kipande kilichoachwa kwenye sahani yenye maji kitageuka uji, na faida yote itaondoka na maji ya bafuni. Toboa kifuu cha nazi matundu chini, kiweke humo, mbali na ndoo.

Hatua ya 5: Maji machafu
Shampuu ya kipande bado ni shampuu. Povu lake linadhuru viumbe vya majini. Usioshee mtoni wala ufukweni. Mwaga kwenye migomba, mbali na kisima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Newala): Shikamoo mwalimu. Huku juu maji tunanunua kwa ndoo. Hiki kipande hakitaki maji mengi zaidi ya kusuuza?

Jibu: Marahaba. Kikiwa shampuu ya kweli, hapana. Kinachokula maji ni kupaka povu kupita kiasi. Kikiwa sabuni, utasuuza mpaka ndoo iishe na utando ubaki. Ndiyo maana nimeng'ang'ania lebo.

Swali (Mikindani): Dada, mimi nimesuka rasta. Nafanyaje?

Jibu: Koroga povu kwenye kikombe cha maji, mimina kwenye mistari, bonyeza kwa vidole, suuza. Hakikisha zimekauka kabisa kabla ya kufunga mtandio, la sivyo zitanuka.

Swali (Lindi mjini): Nimeshanunua, kumbe ni sabuni. Nitupe?

Jibu: Usitupe, ogea mwili. Ukitaka kuimalizia kichwani, suuza mwishoni kwa kijiko kikubwa cha siki ndani ya lita moja ya maji. Siki inaondoa ule utando. Angalia macho.

Swali (Nachingwea): Tuna nazi, tuna ufuta. Kwa nini tusitengeneze wenyewe?

Jibu: Mafuta ya nazi na kostiki yatakupa sabuni, tena nzuri, lakini si shampuu. Shampuu inataka ule unga wa "sodium cocoyl isethionate" unaotengenezwa kiwandani, na vumbi lake linawasha koo na mapafu, huushiki bila barakoa. Ukitaka kuuza, vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, anzia huko.

Swali (Mtwara, Ligula): Nina saluni. Vipande kwa wateja wengi si uchafu?

Jibu: Kwa saluni sikushauri kipande kimoja kipite vichwa vyote. Kikwangue kwa kisu, kila mteja na chembe zake, ukoroge kwenye kikombe. Ukiona usumbufu, nunua dumu la lita tano ujaze chupa zako zilezile. Dumu moja ni plastiki kidogo kuliko chupa ndogo kumi na mbili, na litakuja kuchotea maji.

Swali (Masasi): Kwa hiyo kipande hakina dhambi yoyote?

Jibu: Kinayo. Vingi vina mafuta ya mawese, na mawese mengi ya dunia yanatoka Indonesia na Malaysia, ambako misitu imekatwa kupisha mashamba. Penye vipande viwili dukani, chukua chenye nazi. Dukani hakuna kipande kabisa? Nunua chupa kubwa, uviache vipakiti vya kutumia mara moja. Hivyo havina mwokotaji wala mnunuzi.