Nyumba iko Nakuru, wewe uko ughaibuni: benki ikikutoza riba kupita kiasi

Walio Dublin watakuwa wamesikia wenyeji wakisimulia walivyorudishiwa pesa za mikopo ya nyumba. Mwishoni mwa 2015, Benki Kuu ya Ireland ilianza kukagua benki zilizowanyima wateja riba iliyopaswa kufuata ile ya Benki Kuu ya Ulaya. Akaunti zaidi ya 40,000 zilibainika kuathirika, na benki zikalazimika zenyewe kuwatafuta wateja hao na kuwalipa fidia.

Kwa nyumba ya Milimani, Nakuru, au ya Riat, Kisumu, usikae ukingoja benki ikutafute hivyo. Benki Kuu ya Kenya (CBK) husimamia benki na yaweza kuziadhibu, lakini pesa zako utazidai wewe. Sheria za kukusaidia zipo.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinakataza benki kupandisha tozo bila idhini ya Waziri wa Fedha. Kwa miaka mingi benki zilishikilia kuwa riba haimo katika tozo hizo. Juni 2024, katika kesi ya benki ya Stanbic na mteja wake, kampuni ya Santowels, Mahakama ya Juu ilisema imo. Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo inataka upewe notisi ya maandishi ya angalau siku 30 kabla riba haijabadilishwa. Na mkopo ukishindwa kulipika, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: kama deni la msingi (bila riba) lilikuwa milioni 3 siku hiyo, riba inayoongezwa haiwezi kupita milioni 3 nyingine, ukiacha gharama za kufuatilia deni.

Sasa shika barua ya ofa na taarifa za akaunti tangu mwanzo, ukague mstari kwa mstari. Deni la shilingi milioni 5 kwa riba ya asilimia 13 huzaa takriban 54,167 kwa mwezi. Ukiona 62,500, ujue unatozwa asilimia 15. Hiyo ni tofauti ya 8,333 kila mwezi, na notisi iko wapi? Mara nyingi imelala kwenye sanduku la posta ulilojaza kabla hujasafiri, kwa hiyo ibadilishe anwani yako kwa maandishi leo. Angalia pia faini na ada ambazo hukuelezwa. Hizo zinaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani, maana sheria yake inakataza benki kutoza ada ambazo mteja hakujulishwa mapema.

Lalamika kwanza kwa benki yenyewe, kwa barua pepe, ukitaja miezi na kiasi. Wakikuzungusha, peleka faili hiyo hiyo CBK. Kumtuma shemeji akagombane na meneja wa tawi ni kupoteza nauli ya matatu. Hata kusomewa salio hatasomewa bila hati ya uwakili, yaani ya kumruhusu atende kwa niaba yako. Hati hiyo isaini mbele ya ofisa wa ubalozi wa Kenya au mthibitishaji wa hati wa huko uliko, kisha isajiliwe nyumbani.

Mahakamani, madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6. Yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kusikizwa katika mahakama ya madai madogo; zaidi ya hapo tafuta wakili, na mhasibu wa kukokotoa riba upya.

Wakati huo wote, endelea kulipa kiasi usichobishania. Ukisusa kabisa, benki itakupa notisi ya miezi 3, kisha ya siku 40 ya kuuza, halafu dalali ataingia.