Kazi gani inakufaa na lini uhame: piga hesabu kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Swali la "nifanye kazi gani" wengi tunaliuliza vibaya. Mtu kalala kitandani na simu yake anawaza eti anapenda nini, anajaza yale madodoso ya mtandaoni ya kukwambia we ni mtu wa aina gani, akimaliza anaambiwa anafaa kuwa mbunifu au kiongozi, haya sasa kesho asubuhi anapeleka wapi CV ya uongozi? Mapenzi ya kazi mara nyingi yanakuja ukishaanza kuiweza, kabla ya hapo unapenda picha tu. Kwa hiyo anza na kitu kidogo: Jumanne ya kawaida ya hiyo kazi ikoje, Jumanne ambayo mshahara bado na hakuna mgeni wala sherehe, na we unaiweza?

Chukua mfano wa klaringi, kazi ya kuwatolea watu mizigo bandarini. Vijana wengi hapa Dar wanamuona wakala wa forodha ana gari na simu mbili, anajuana na watu wa bandarini, wanasema hiyo ndo kazi. Sasa kaa naye siku moja. Kontena la mteja limefika, makaratasi yamerudishwa kwa sababu thamani iliyoandikwa kwenye invoisi imepingwa au jina kwenye hati ya shehena limekosewa herufi moja, siku za bure za kukaa na mzigo zinaisha na chaji zinaanza kuhesabika, mteja anapiga kila baada ya nusu saa akiamini kabisa umemlia hela yake, na we jibu ulilonalo ni "bosi linashughulikiwa". Kuna mtu hiyo siku anaifurahia, yule anayependa kufuatilia kitu mpaka kieleweke na maneno ya mteja halali nayo. Kuna mwingine atapata presha kabla hajafika miaka thelathini, na vyeti vyao vinafanana kila kitu, hata chuo wamesoma kimoja.

Hiyo Jumanne utaijuaje? Tafuta watu watatu wa hiyo fani: aliyeanza juzijuzi, aliyekaa kama miaka kumi, na aliyeacha. Huyo aliyeacha usimruke, maana hana cha kulinda, atakwambia yale ambayo aliye ndani anayaonea aibu. Na usimuulize "kazi ikoje", atakujibu "tunamshukuru Mungu" na mtaishia hapo. Muulize jana alifanya nini toka alivyofika mpaka alivyotoka, kitu gani kikimpata kazini usiku halali, na mtu wa levo yake analipwa kati ya shilingi ngapi na ngapi. Reinji watu wanataja bila shida, mshahara wake mwenyewe ndo hatakutajia na we usimlazimishe.

Halafu uishike hiyo kazi kwa mikono yako. Wanafunzi wengi fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini, wanaichukulia kama kugongewa muhuri kwenye logibuku, wakati ile ndo nafasi ya bei rahisi kuliko zote ya kujua kama kitu hukiwezi, ukijua ukiwa mwaka wa pili umeokoa mengi. Kama ulishamaliza chuo, kujitolea ni sawa lakini jiwekee mwisho, mimi nasema miezi mitatu, na angalau nauli watoe. Mwezi wa pili jiulize kuna kitu gani unakiweza leo ambacho hukukiweza siku unaingia, kama jibu ni kutoa kopi na kumuagizia bosi supu basi hapo unafanya kazi ya bure, hujitolei.

Angalia pia kama fani ina geti, yaani bodi ya kukupitisha. Mhasibu asiye na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, atafika mahali atagota, mtu wa manunuzi vilevile na PSPTB, bodi ya manunuzi na ugavi, injinia anahitaji kusajiliwa na ERB, bodi ya mainjinia, na hayo yote yanataka muda na ada ambazo hazimo kwenye hesabu zako za sasa hivi. Na kama we ulijifunzia ufundi gereji au saiti bila kukaa darasani, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima kwa unachokijua tayari na kukupa cheti, watu wengi wenye mikono mizuri hawajui hilo na wanazidiwa tenda na watu wasiojua kushika spana. Serikalini nako omba, Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira ipo, weka taarifa zako vizuri, ila usikae mtaani mwaka mzima unangojea mkeka wa majina ya walioitwa utoke.

Sasa tuje kwa aliye kazini tayari na anataka kuhama.

Bosi kukugombeza Ijumaa mbele za watu sio sababu. Inauma, sawa, ila subiri ipite wiki mbili uone kama bado unataka kuondoka. Rafiki yako uliyesoma naye kununua gari pia sio sababu, hujui kakopa wapi. Na Januari yenyewe ni mwezi mbaya wa kufanya maamuzi yoyote, ada za shule na kodi ya nyumba zimekubana shingo, kila kazi Januari inaonekana mbaya.

Dalili za kweli ni nyingine. Ya kwanza naipenda kwa sababu inapimika: tafuta matangazo ya kazi kama kumi ya cheo kilicho juu yako hatua moja, soma yale masharti, halafu hesabu ni mangapi umeyapata ndani ya mwaka uliopita hapo ulipo. Kama hakuna hata moja, yaani mwaka mzima umeongeza umri tu, basi hiyo ofisi imeshakupa ilichonacho. Ya pili ni mshahara kuchelewa, ukichelewa mara moja ni bahati mbaya, ukichelewa miezi mitatu mfululizo na kila mwezi kuna maelezo mapya, mara mteja mkubwa hajalipa mara mkurugenzi wa kusaini yuko safari, hiyo kampuni inaumwa. Na ya tatu, ambayo watu hawaiangalii kabisa, ni michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wengi wa sekta binafsi wanakatwa asilimia 10 na mwajiri anaongeza 10 yake, kwenye salari slipu makato unayaona kila mwezi, lakini je, yanafika? Cheki taarifa ya michango yako, siku hizi unaangalia hata kwenye simu. Ukikuta miezi sita haipo wakati wewe umekatwa, hapo mtu anaendesha biashara kwa hela yako ya uzeeni, na mwenye kufanya hivyo hawezi kukosa mengine. Anza kutafuta pa kwenda hiyo wiki hiyohiyo, usingoje maelezo.

Masaa nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki ndo za kawaida, zikizidi kuna ovataimu ya mara moja na nusu. Najua ofisi nyingi hazifuati, lakini kuna tofauti kati ya mwisho wa mwezi wa kuchoka na maisha ya kuwaona watoto wakiwa wamelala tu.

Kabla hujaanza kutuma CV, ongea kwanza hapohapo ulipo. Kuomba kubadilishiwa kitengo au kuongezwa mshahara hakukugharimu kitu ukienda na hoja, umeongezewa majukumu gani toka mkataba uandikwe na umeyafanya vipi. Sio unaenda kusema maisha yamepanda, yamepanda kwa wote hata yeye bosi.

Umepata ofa, hongera, sasa kaa chini na kalkuleta maana hapa ndo watu wanapoliwa. Swali la kwanza kwa mtu wa HR: hii ni ghafi, yaani kabla ya makato, au ni ya kuingia mkononi? Tuseme sasa hivi unalipwa ghafi 800,000 na wanakupa 1,000,000. Laki mbili, unaona umeula. Twende taratibu. Kwenye 800,000 NSSF inachukua 80,000, inabaki 720,000 ndo inakatwa kodi ya mshahara, PAYE, ambayo haigusi 270,000 za mwanzo, halafu ni asilimia 8 mpaka 520,000, asilimia 20 mpaka 760,000, asilimia 25 mpaka milioni, na juu ya hapo 30. Kodi yako inakuja 60,000, unabaki na 660,000. Kama una mkopo wa chuo wa bodi ya mikopo, HESLB wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hapo ni 120,000, kwa hiyo mkononi 540,000. Kwenye milioni sasa: NSSF 100,000, kodi ya hiyo 900,000 iliyobaki ni 103,000, bodi 150,000, mkononi 647,000. Ile laki mbili imekuwa 107,000.

Bado hujatoka nyumbani. Ofisi mpya iko mbali, nauli imeongezeka 2,000 kwa siku kwenda na kurudi, siku 24 za kazi ni 48,000. Kazini kwa zamani mchana mlikuwa mnakula bure, huku sahani ya wali kwa mama ntilie ni 3,000, mara 24 ni 72,000. Jumla 120,000. Umehama kwa nyongeza ya laki mbili na kila mwezi umepungukiwa 13,000, na bima ya afya bado hatujaigusa, kama ya zamani ilikuwa inabeba mke na watoto na hii inakubeba wewe peke yako ndo kabisa.

Sisemi usiende. Kama huko kuna kitu cha kujifunza ambacho miaka miwili ijayo kitakuuza, hiyo 13,000 ni ada tu, tena ndogo. Nachosema ujue unalipia nini, sio uje ushtuke tarehe 28.

Kuna na vitu unavyoviacha ambavyo havionekani kwenye slipu. Ukiwa na chini ya miezi sita kwa mwajiri, ile kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu, na likizo ya mwaka yenye malipo vilevile unaisubiri ufikishe miezi sita. Yaani kama we ni mama mtarajiwa au una mgonjwa nyumbani, lipime hilo. Mkopo wa benki unaokatwa kupitia kwa mwajiri nao ulizia mapema, benki haitakusahau eti kwa sababu umehama, na miezi miwili ya katikati, kati ya kazi na kazi, ndiyo inayowapeleka watu kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Halafu lile fao la kukosa ajira la NSSF, ukiacha kazi kwa hiari yako mwenyewe hulipati, kwa hiyo usipige hesabu za kuacha kazi upumzike ukitegemea hilo.

Barua usiiandike mpaka umesaini mkataba mpya na nakala unayo mkononi. Mchongo wa kwenye simu, "we njoo tu tumeshamalizana na bosi", huo bado ni maneno.

Angalia pia mkataba wako wa sasa ni wa aina gani. Wa kudumu na unalipwa kwa mwezi, notisi isiyopungua siku 28, kama mkataba unasema zaidi fuata mkataba. Ukiamua kutokomea bila kufanya hizo siku, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi hicho kwenye haki zako za mwisho. Ila kama mkataba ni wa muda maalum, mwaka au miwili, hapo pana mtego: kwa kanuni za 2007 huwezi tu kuacha katikati, inabidi mwajiri awe amevunja mkataba kwa jambo zito, ama mkubaliane mwachane mapema. Soma kama kuna kipengele cha notisi, kama hakipo nenda kaongee kiungwana, wengi wanakubali ukiwapa muda wa kutafuta mtu.

Na kuna ile ya kuitwa ofisini jioni unaambiwa "andika barua mwenyewe uache kazi ili tusikuharibie rekodi". Usiandike hapo hapo, sema unaomba ulale nalo. Ukishasaini umeonekana umeacha kwa hiari, na kama ni kweli ulilazimishwa au walikufanyia mazingira yasivumilike, unakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Siku 30 zinaisha haraka sana mtu ukiwa bado unajiuliza utamwambiaje mkeo.

Ukiondoka vizuri barua iwe fupi: tarehe, notisi inaanza lini na kuisha lini, asante. Malalamiko yako ya miaka minne yabaki nyumbani, soko la kazi la mjini ni dogo na yule bosi utakutana naye upande wa pili wa meza ya intavyuu. Kabidhi kazi kwa maandishi na aliyepokea asaini, hasa kama ulikuwa unashika stoo, gari au hela. Dai malipo ya likizo ulizofanyia kazi hukuzichukua, dai cheti cha utumishi, hicho ni haki yako hata kama mmeachana kwa kununiana. Na salari slipu za miezi sita ya mwisho zitoe mapema uzihifadhi kwako, benki na balozi watakuja kuzitaka, na ukishafungiwa imeili ya ofisi utaanza kumbembeleza mtu wa HR kwa WhatsApp, tiki mbili za bluu na kimya.