Namna ya kutambua chanzo cha majimaji yanayovuja karibu na gurudumu la gari

Ukikuta doa la majimaji karibu na gurudumu asubuhi, jambo la kwanza kulitafutia jibu ni kama hayo ni mafuta ya breki au la, na mpaka ulipate, gari lisiendeshwe, hata kulifikisha gereji ya mtaa wa pili.

Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, madoa mengi yanayoonekana nyuma ya gurudumu la mbele ni maji ya kiyoyozi, ambayo hayana rangi wala harufu, hayatelezi vidoleni, na yakikauka hayaachi alama. Yakiwa hivyo, gari halina ugonjwa.

Yasipokuwa maji, tandaza boksi safi chini ya gurudumu usiku kucha, kisha uchunguze kilichodondoka. Mafuta ya breki ni mepesi, ya njano hafifu yakiwa mapya na ya kahawia yakichakaa, ilhali oili ya difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ni nzito na ina harufu kali ya salfa ambayo ukishainusa mara moja huipotezi tena. Grisi nyeusi iliyorushwa upande wa ndani wa rimu hutokana na kupasuka kwa mpira unaofunika jointi ya ekseli. Shokapu iliyokufa kwa kawaida haiachi dimbwi, bali hulowa yenyewe na kushika vumbi.

Ukibaki na shaka, tia matone machache katika kikopo cha maji: mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, ambayo ndiyo yanayotumika katika magari mengi, huchanganyika na maji, lakini oili huelea. Kikopo hicho kisirudi jikoni, kwa kuwa mafuta hayo ni sumu. Yakidondokea bodi, yaoshe papo hapo, maana hubabua rangi.

Fungua boneti utazame kichupa cha mafuta ya breki. Kiwango hushuka polepole pedi zinapolika, kwa hiyo kupungua kidogo hakuthibitishi kitu. Kushuka ndani ya siku chache, au pedeli inayozama taratibu unapoikanyaga na kuishikilia, ni dalili nzito. Usiongeze oili ya injini wala hydroliki ili ufike mahali, kwa sababu mafuta ya aina hiyo huvimbisha mipira ya mfumo mzima wa breki, na hapo kazi ya silinda moja hugeuka kazi ya silinda zote.

Sasa zuia magurudumu mengine kwa mawe, legeza nati, inua gari na ulikalishe juu ya stendi, kwani mchanga wa mitaa yetu mingi hutitia na jeki peke yake haiaminiki; kisha vua gurudumu. Usioshe chochote kwanza, ingawa mafundi wengi huanzia hapo. Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa, kwa maana majimaji hushuka na gurudumu huyatawanya.

Katika breki za dramu, baada ya kuvua dramu bila kupuliza vumbi lake, chukua bisibisi nyembamba na uinue ukingo wa kimpira kilicho mwishoni mwa silinda ndogo ya breki. Mafuta yakichuruzika kutoka ndani, umempata mkosaji. Kimpira kikiwa kikavu na unyevu ukatokea katikati, kwenye ekseli, kama iwezavyo kutokea kwa Hiace zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, sili ya ekseli, yaani mpira unaozuia oili isivuje, imechoka. Kabla ya kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua nyingine, kagua tundu la kupumulia la difu: likizibwa na tope la mafuriko, mgandamizo husukuma oili na kuipenyeza hata kwenye sili mpya.

Bitana za breki zilizolowa zibadilishwe pande zote mbili, hata fundi akiahidi kuziosha kwa petroli. Baada ya matengenezo, hewa itolewe kwenye breki, pedeli ijaribiwe gari likiwa limesimama, na boksi litandazwe tena usiku huo.