Jinsi ya kulinganisha meli za pwani ya Norway kabla hujalipia

Ndugu na jamaa wakitaka kuja huku kupanda meli ya kutoka Bergen kusini mpaka Kirkenes kaskazini huwa wananiuliza meli gani nzuri. Nimeipanda mara kadhaa na wageni wangu nawakatia tiketi mwenyewe, fanya hivi.

Hatua ya 1: anza na tarehe. Njia hii ina meli 11, 7 za kampuni ya Hurtigruten na 4 za kampuni ya Havila, na Bergen inaondoka moja tu kwa siku, saa 2 na nusu usiku, kwa hiyo ukishafunga tarehe, meli nayo umeshaichagua hata kama hujui. Fungua ratiba, sogeza siku mbili tatu uone inaangukia ipi.

Hatua ya 2: umri wa meli. Za Havila (Capella, Castor, Polaris, Pollux) ndo mpya, Capella imeanza Desemba 2021, zinatumia gesi asilia na betri kubwa, zikiwa kwenye betri ndani ya fjordi (mikono ya bahari inayoingia kati ya milima) kunakuwa kimya mpaka raha. Za Hurtigruten nyingi ni za miaka ya 1990 zilizokarabatiwa, isipokuwa Vesterålen ya 1983, hiyo ni ndogo na kabini zake finyu, mtu mwenye masanduku mengi simpeleki huko.

Hatua ya 3: msosi. Havila hamna bafe, unaagiza mezani visahani vidogovidogo ili chakula kisitupwe. Hurtigruten asubuhi na mchana bafe, jioni unahudumiwa mezani. Kama unakula halali sema siku ya kukata tiketi, usingoje ufike.

Hatua ya 4: kabini, na hapa jamani msiharakishe. Mama mkwe nilimlipia kabini ya dirisha, tunafungua pazia tunakuta boti ya kuokolea imeziba kila kitu, niliumia sana maana kosa lilikuwa langu, ramani ya deki, yaani ghorofa za meli, sikuiangalia. Siku hizi naifungua kwanza, kabini iliyoandikwa mandhari yamezibwa naiacha hata iwe rahisi vipi. Halafu bandari ni 34, nyingine mnafika usiku wa manane na mizigo inashushwa, kwa hiyo ukilala mbele kabisa kelele za kufunga meli zitakuamsha. Chukua katikati, deki za chini kidogo, na pale Hustadvika bahari inapokuwa wazi utayumba kidogo kuliko wenzako wa juu.

Hatua ya 5: anasa. Kasino hamna, shoo za jukwaani hamna, hizi meli bado zinabeba mizigo na abiria wa vijijini. Sauna utaikuta kwenye meli nyingi, kukaa humo huku nje ni baridi ni kitu kizuri mno.

Hatua ya 6: kama hela inatosha safari ya upande mmoja, mimi nachagua kupanda kuelekea kaskazini. Mji wa Tromsø mnafika mchana na mnapata kama saa 4 za kutembea, wakati wa kurudi mnapita pale usiku wa manane maduka yamefungwa.