Kuanzisha kituo cha watoto mtaani kwetu Tanga: anza na saa ya mama, jengo baadae

Kila anayeniuliza tulianzaje kituo cha kulelea watoto wadogo pale mtaani swali lake la kwanza ni lile lile, hela ya jengo mlitoa wapi. Jengo hatuna mpaka leo jamani. Tupo kwenye baraza la nyumba ya bibi mmoja na uwanja wake wenye mwembe, choo tumekikarabati, uzio wa makuti, basi. Na kabla ya hapo tulikuwa na chumba kizuri tu, kimepakwa rangi, ukutani tembo na herufi, viti vidogo vya plastiki, na kikatushinda ndani ya miezi miwili.

Kilichotushinda ni saa. Tulikuwa tunafungua saa 2 asubuhi kama shule. Waliandikishwa watoto 34, wiki ya tano wanakuja 9. Tukawasema wazazi weee, hawana mwamko, hawajali, mpaka siku moja dada mmoja muuza samaki akatujibu, nyie mnafungua saa 2, mimi saa 11 na nusu alfajiri nipo soko la samaki la Deep Sea nasubiri vyombo vifike, mtoto nimwache na nani? Nikimfungia ndani mnasema namtesa, nikimwachia dada yake wa darasa la tatu mnasema nimemkosesha shule. Hatukuwa na jibu. Tukahamisha saa ya kufungua, siku hizi saa 11 alfajiri mmoja wetu yupo barazani na jamvi na taa, watoto wengine wanaletwa mgongoni bado wamelala na wanaendelea kulala hapo hapo, na idadi ikarudi bila kumhubiria mtu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, kabla hujanunua hata kikombe, zunguka. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na balozi wa nyumba kumi wajue unachofanya, chukua daftari, pita nyumba kwa nyumba. Usimuulize mzazi kama angependa mwanae asome, nani atakwambia hapendi? Muulize habari za jana. Jana ulitoka saa ngapi, mtoto alibaki na nani, asubuhi alikula nini, nani alimuogesha. Ukishapata majibu ya nyumba thelathini hivi ratiba ya kituo inajiandika yenyewe. Ngamiani itakuwa saa za sokoni na mama lishe, ila vijiji vya pwani ambako mama zetu wanalima mwani utakuta saa haina kazi kabisa, wao wanafata maji, bamvua likifika, maji yanapotoka mbali kabisa, wanashuka wote baharini, na siku za maji mafu, yasipotoka sana, wapo nyumbani. Huko kituo nacho kifate maji, mbona madrasa zetu zinafata saa za swala na hakuna anayeona ajabu.

Na hizo madrasa zenyewe ziangalie. Vyuo hivyo vya Kurani vingi asubuhi vipo tupu, vina jamvi, vina maji ya kutawadha, na vina kitu ambacho sisi wengine tunahangaika kukipata, wazazi wanaviamini. Sio wazo langu hili, wenzetu wa Mombasa walishaanza mwaka 1986, Aga Khan Foundation ikishirikiana na jamii za Kiislamu, watoto wapate dini yao na maandalizi ya shule kwa pamoja, ikafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Ongea na ustadhi kwa adabu, na uende na mtu mzima wa mtaa, usiende peke yako na karatasi.

Kibali sasa, nitapita haraka. Kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kusajiliwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 ndo inavosema, na mlango wako ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mfate mapema kabla ya kuanza, mwambie aje aone eneo, atakwambia kuhusu choo, uzio, maji, walezi. Ukimtajia MMMAM atakuelewa haraka, yaani ile programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Disemba 2021, inahusu watoto wa miaka 0 mpaka 8 na inataka afya, lishe, ulinzi, kujifunza na malezi ya nyumbani viende pamoja, sio a e i o u peke yake.

Haya, uji. Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wengi wanaharibu. Ule unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili achana nao, mtu anachanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya mbichi, choroko, anadhani vikiwa vingi ndo bora, mtoto anaharisha. Sisi tunatumia ulezi au mahindi, karanga zilizokaangwa na kusagwa, maziwa tukiyapata, sukari kidogo. Soya isiyochemshwa au kukaangwa usimpe mtoto. Karanga zichambueni moja moja mchana kweupe, yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu tupa, usimpe hata kuku. Tanga kuna unyevu, gunia likikaa chini sakafuni wiki mbili tu limeshaharibika, na sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu, haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na huko ni kukavu kuliko kwetu. Weka gunia juu ya mbao, nunua kidogo kidogo.

Anayepika ni nani? Mama zao kwa zamu. Hii ilikuwa njia ya kubana matumizi, siwezi kudanganya, ila imekuja kuwa ndo roho ya kituo, kwa sababu mama akija zamu yake anakaa masaa mawili anaona mlezi anavoongea na watoto, anaona kumbe mtoto akimwaga maji unaweza kumpa kitambaa afute badala ya kofi. Hujamwita kwenye semina, amekuja kukoroga uji tu.

Vifaa vya kuchezea usinunue. Visoda vya kuhesabia (vile vikubwa, vidogo wanameza, na kingo zipigwe nyundo zisikate), vifuu vya nazi, vipande vya khanga kupanga rangi, makopo ya kumimina mchanga, mdako kwa wakubwa. Asubuhi hadithi na nyimbo, halafu mchezo wa nje, uji, kulala. Kuna mzazi lazima atakuja kudai daftari la mwandiko la mtoto wa miaka 3, msikilize, usimcheke, mwite akae pembeni amuone mwanae anavopanga visoda vitano vitano akikosea anarudia, muulize hii sio hesabu ni nini.

Walezi wetu ni wanne, wawili vijana na wawili bibi. Bibi wana hadithi na subira, vijana wana mbio. Tukichagua mlezi tunamwacha asubuhi moja na watoto tunamuangalia tu, akikaa kwenye kiti muda wote asante, kwa heri.

Sasa kitu ambacho wengi wanakiruka, kutembelea nyumbani. Mtoto akiwa chini ya miaka 3 kituo sio mahali pake pa kwanza, pa kwanza ni kwao, na huko ndo unamfata. Kule Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 87 walichukua watoto 129 waliodumaa wa familia maskini, wa miezi 9 mpaka 24, baadhi yao wakawa wanatembelewa na wahudumu wa afya wa kawaida tu saa 1 kila wiki kwa miaka 2, wanamuonesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mwanae kwa vitu vilivyomo humo humo ndani. Miaka 20 baadae waliochezeshwa walikuwa wanapata kipato kama 25% zaidi ya wenzao wasiochezeshwa. Saa moja kwa wiki na vikopo! Sisi hatuna watu wa kwenda kila wiki, tunaenda mara mbili kwa mwezi, na nyumba zenye watoto wenye ulemavu ndo tunaanza nazo kwa sababu hao hawaletwi, wanafichwa. Ukienda usikague. Kaa chini, kaa mkekani, cheza na mtoto wewe mwenyewe, mama ataingia mwenyewe. Omba kuona kadi ya kliniki, angalia mstari wa uzito, ukiona unashuka nendeni wote na mhudumu wa afya wa mtaa. Kaya zilizopo TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kliniki ya watoto ni sehemu ya masharti yao, kwa hiyo unawasaidia na hilo pia.

Hela: kila mzazi 300 kwa siku anayokuja mtoto, analipa siku hiyo hiyo, usidai ya mwezi, mtu wa kipato cha siku hana ya mwezi. Asiye nayo analeta kuni, nazi, au zamu ya ziada ya kupika. Daftari la hela anashika mama mmoja wanayemwamini kama kijumbe wa upatu, mimi sishiki, na nakushauri wewe mwanzilishi usishike.

Mtoto akikaribia miaka 5 mpeleke darasa la awali shule ya serikali, ada haipo. Uandikishaji huwa unaanza Oktoba, sio usubiri Januari uje kulia. Cheti cha kuzaliwa kama hana, chini ya miaka 5 ni bure, ulizieni ofisi ya kata au kituo cha afya. Na siku ya kuandikisha asiende mlezi wa kituo kwa niaba, aende mama mwenyewe hata kama ana harufu ya samaki, kadi ya kliniki na cheti mkononi, aulize jina la mwalimu, na choo cha wadogo kipo upande gani.